Picha za Arusi Zikae Wapi?

Naongea nanyi mlioko Baraka mjini, mlioko Fizi mlimani, Mboko, Lusenda, na ninyi mnaotusikiliza kule rasi ya Ubwari, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Leo siongelei bei ya ndagala wala ubovu wa barabara. Leo ni habari ya picha. Namna ya kuzipiga tutaizungumza siku nyingine. Nataka tuangalie namna ya kumkabidhi mwenyewe picha zake, zimfikie zikiwa nzima, na siku akizihitaji tena azikute.

Nianze na lililonipata. Wengi wenu mnanijua: napiga picha za arusi, za ubatizo, za mahafali, na siku nyingine za msiba. Kwa miaka miwili nilikuwa nalipia kampuni moja ya ng'ambo initunzie picha za wateja. Napakia picha, napewa kiungo, namtumia bibi arusi, naye anawatumia shangazi, mjomba, na dada aliyeko Marekani. Kampuni ile haikupokea M-Pesa wala Airtel Money, kwa hiyo malipo yalikatwa kwenye kadi ya binamu yangu aliyeko Ulaya. Kadi ikaisha muda wake. Maonyo yakaenda kwenye anwani ya binamu, wala hakuyasoma. Nikaja kujua siku mama mmoja aliponijia studio, simu mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, picha za dada yako zimekwenda wapi?"

Nikafungua kiungo. Ukurasa mtupu. Zilikuwa arusi kumi na moja. Tisa nilikuwa nazo kwenye diski nyumbani. Mbili nilikuwa nimezifuta mwenyewe ili nipate nafasi ya kazi mpya, kwa kuamini kwamba kule ng'ambo ziko salama. Kwa arusi hizo mbili nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mzee mmoja alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno moja tu: kwamba katika arusi ile ndipo alipopiga picha ya mwisho na mkewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza jambo hili, na leo nawaletea nilichojifunza.

Msidhani ni sisi wa huku tu tunaopatwa na haya. Mwezi wa Oktoba 2008, huko Marekani, kampuni iitwayo Digital Railroad, iliyokuwa ikitunza picha za wapiga picha wa kazi, wenye majina makubwa, ilifilisika. Wateja wake wakaambiwa wana saa 24 wachukue picha zao. Saa 24! Mtu ana picha za miaka mingi, anaambiwa azitoe kabla ya kesho. Mwaka 2019 Flickr iliwawekea kikomo cha picha 1000 wale wasiolipa. Tarehe 1 Juni 2021 Google nayo iliacha kuhesabu picha kuwa za bure, zikaanza kula gigabaiti 15 anazopewa kila mtu pamoja na barua pepe zake. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Nyumba ni yao, na mwenye nyumba hubadili masharti ya kupanga.

Sasa tufanye hesabu. Arusi moja ya huku kwetu, kuanzia asubuhi bibi arusi anaposukwa hadi usiku watu wanapocheza, inanipa picha 600 nzuri. Kila moja ikiwa na megabaiti 8, jumla inakaribia gigabaiti 5. Kwa hiyo gigabaiti 15 za bure ni arusi tatu, na mwezi wa Agosti peke yake unaweza kuzimaliza. Na kupakia? Mtandao wetu ukiwa unapandisha megabiti moja kwa sekunde, na mnajua kuna siku haufiki hapo, gigabaiti 5 zitachukua karibu saa kumi na moja. Saa kumi na moja za kununua mega za intaneti, na umeme usikatike hata mara moja. Halafu mteja, aliyeketi mita tatu kutoka kwangu, naye anunue mega zake azishushe picha zilezile kutoka upande mwingine wa dunia. Picha zimezunguka bahari mbili ili zitoke meza hii ziende kiti kile.

Wengine mtasema: si utume kwa WhatsApp? Ndiyo, natuma. Lakini ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana, na ile ya megabaiti 8 inafika ikiwa na kilobaiti mia chache. Kwenye kioo cha simu inapendeza. Ipeleke ikasafishwe kwa ukubwa wa kutundika sebuleni, utaona uso wa bibi arusi umekuwa madoa. Ukiituma kama hati inafika nzima, sawa, lakini nani atatuma hati 600, na nani atazipokea?

Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipopita ziwani humu mwaka 1858, Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Alikosea, maana Ubwari ni rasi, imeshikana na nchi kavu, na wakulima wake wanalijua hilo bila ramani. Lakini kwa mambo ya mtandao mara nyingi tunaishi kama tuko kisiwani kweli. Mnakumbuka baada ya uchaguzi wa 2018. Tarehe 31 Desemba serikali ilizima intaneti nchi nzima, ikarudi baada ya siku kama ishirini, Januari 2019. Watu waliendelea kuoana siku zile. Watoto waliendelea kubatizwa. Mpiga picha ambaye picha za wateja wake zote zilikuwa ng'ambo, angewajibu nini?

Jibu ninalolileta ni hili: programu ya kukabidhi picha tuiweke sisi wenyewe, kwenye mashine yetu wenyewe, hapahapa. Zipo programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bila kulipa, kuzitumia, hata kuzirekebisha. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo, unaunganisha diski na kifaa cha wifi. Mteja anapokuja studio anashika wifi yako kwa simu yake, anaandika anwani fupi uliyoibandika ukutani, anaweka jina lake na neno lake la siri, albamu yake inafunguka. Anachagua, anashusha. Mega haziliwi hata moja, kwa sababu hakuna intaneti hapo. Simu inazungumza na diski iliyo kabatini. Kwa wifi ya kawaida ya megabiti 40 kwa sekunde, zile gigabaiti 5 zinashuka kwa dakika kumi na sita hivi. Akitaka picha thelathini tu za kuanzia, hazifiki dakika moja.

Wala si jambo geni. Kuna programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inayowezesha shule kuwa na Wikipedia yote kwenye kisanduku, wanafunzi wakaisoma mahali pasipo na mtandao kabisa. Na kwa jirani zetu wa kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, uliwekwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net. Sisi tunataka sehemu ndogo tu ya hayo, na tunaitaka kwa ajili ya arusi.

Umeme ndio swali la kwanza ninaloulizwa. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, inakula wati tano hivi ikiwa katika kazi nyepesi. Kwa siku nzima, mchana na usiku, ni wati-saa 120. Diski ikiongezeka, fanya 200. Paneli moja ya wati 100 ikipata saa nne za jua kali inatoa 400. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 150 ingetaka 3600 kwa siku, na hapo unarudi kwenye jenereta na bidoni la mafuta. Ukiwa na laptopu kuukuu nayo inafaa, tena betri yake inakulinda umeme ukikatika ghafla, jambo linaloharibu kumbukumbu za programu kuliko vumbi. Ila picha usizitunze kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hizo zinakufa bila kuaga. Weka diski ya kweli.

Sasa programu ipi? Hapa wapiga picha wenzangu wa huku na wa Uvira huvutana sana, na kila mmoja ana yake. Nitasema nilivyoziona.

Vijana wengi wanaipenda Immich. Ilianza mwaka 2022, na toleo lililotangazwa kuwa thabiti lilitoka Oktoba 2025. Inapendeza, inatafuta picha kwa uso wa mtu, inatengeneza viungo vyenye neno la siri na tarehe ya mwisho. Lakini ilibuniwa hasa kwa mtu anayetaka kutunza picha za simu yake na za jamaa yake, na watengenezaji wenyewe wanashauri mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6 na kuendelea. PhotoPrism, ya Berlin, nayo inataka angalau gigabaiti 3, na nguvu yake iko katika kupanga na kutambua picha zako mwenyewe. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, ni ofisi nzima: hati, kalenda, picha. Shirika lenye wafanyakazi kumi litaifurahia. Studio ya mtu mmoja itachoka kuitunza. Lychee ni nyepesi, ni nzuri kwa macho, na albamu yake unaweza kuifunga kwa neno la siri. Ningekuwa na mteja mmoja mmoja wa kuvutia kwa uzuri wa ukurasa, ningeichukua.

Mimi nimechagua Piwigo. Ilizaliwa Ufaransa mwaka 2002, na programu iliyokaa zaidi ya miaka ishirini imeshaonyesha kwamba haitaachwa kesho na kijana aliyepata kazi nyingine. Inasema Kifaransa tangu utotoni, na Kifaransa ndicho tulichosomea shuleni, hivyo ninapokwama nasoma maelezo nayaelewa. Inakimbia kwenye mashine dhaifu. Kila mteja nampa jina na neno la siri lake, na albamu ya arusi ya huyu haionekani kwa yule. Kipachiko kimoja, yaani programu ndogo ya nyongeza, kinamruhusu kushusha albamu nzima kwa mara moja. Na programu ileile inafanya kazi kwenye nafasi ya bei nafuu ya kukodi huko nje. Hili nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niamue.

Lakini msichukue Piwigo kwa sababu mimi nimeisema redioni. Chukueni kipimo hiki. Weka picha hamsini ndani ya programu unayoifikiria. Kisha zima programu, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ambayo haijui lolote. Je, unaziona picha zako, kwenye folda yenye jina la arusi, zikiwa na ukubwa wake wote? Kama ndiyo, programu hiyo ni mtumishi wako. Kama unakuta faili za majina yasiyosomeka, hujui ipi ni ya nani, basi umehama kwa mwenye nyumba wa ng'ambo ukaingia kwa mwenye nyumba mwingine aliye ndani ya sanduku lako.

Nina jambo zito la kuwaambia, na naomba wapiga picha mlisikilize vizuri. Sisi tunaishi mahali ambapo uso wa mtu kwenye picha unaweza kumletea shida. Arusi zetu zina wageni wa kila kabila, Wabembe, Wabwari, Wafuliiro, Wanyamulenge, na watu waliotoka mbali. Picha inayoonyesha nani alikaa na nani, nyumba ya nani, siku gani, ikifika mikono mibaya si ukumbusho tena. Kwa hiyo ile sifa ya kutambua nyuso, ambayo Ulaya inasifiwa, mimi huku naiona ni hatari. Kama programu yako inayo, izime. Picha za simu nyingi zinabeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa, hadi nyumba yenyewe. Kuna programu ya bure iitwayo ExifTool inayofuta alama hizo kwa amri moja kwa picha zote. Zifute kabla ya kukabidhi. Albamu isiwe wazi kwa kila anayepita. Na diski ifungwe yote kwa neno la siri, Linux inaruhusu hivyo, ili siku mashine ikichukuliwa, aliyeichukua amepata chuma tu. Gharama yake ni kwamba kila umeme ukikatika inabidi uende uliandike tena lile neno. Mimi naliandika, hata mara nne kwa siku.

Sheria nayo inatuelekeza hivyohivyo. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na picha ya uso wako ni habari yako. Kabla sijaweka picha ya mteja kwenye ukurasa wangu wa matangazo, namwomba ruhusa, na akikataa hatudaiani.

Nirudi kwa dada aliyeko Marekani. Watu wengi waliotoka hapa wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, walipelekwa Marekani, na arusi ya Baraka siku hizi ina wageni ambao hawapo. Wao ndio wanaolipia nusu ya karamu, na wao ndio wanaopiga simu usiku kuuliza picha. Sanduku la kabatini haliwafikii. Kwao ninakodi nafasi ndogo kwenye seva ya nje, dola chache kwa mwezi, naweka Piwigo ileile, na ninapakia nakala ndogo tu. Picha 600 zikipunguzwa hadi kilobaiti 600 kila moja ni megabaiti 360. Kwa ule mtandao wetu wa megabiti moja ni dakika 48 badala ya saa kumi na moja. Wanaziona vizuri kwenye simu na kwenye televisheni. Anayetaka picha kamili ya kutundika ananitajia namba ya picha, namtumia hiyo moja. Baada ya miezi mitatu naifunga albamu ya nje. Kama kadi ya binamu itaisha tena muda wake, itakayopotea ni nakala. Asili iko Baraka.

Na asili isiwe moja. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwangu mimi ya kwanza iko kwenye sanduku la studio, ya pili kwenye diski nyumbani, na ya tatu inavuka ziwa kwa boti, kila baada ya miezi michache, kwenda kwa ndugu yangu Kigoma. Nimeweka Kigoma kwa makusudi. Nyumba ya studio na nyumba ninayolala zinaweza kuachwa usiku mmoja kwa sababu ileile.

Tunalijua hilo. Vita vya 1996 vilipofika, watu walivuka ziwa na watoto, na sufuria, na godoro kama lilipatikana. Picha zilibaki ukutani na kwenye masanduku. Walipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, walikuta mashamba, walikuta misingi ya nyumba. Picha hawakuzikuta. Ndiyo maana wako wazee wenye miaka 60 hapa Baraka wasio na hata picha moja ya ujana wao. Picha za mababu zao ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, zilizopigwa na watawala kwa sababu za kitawala. Che Guevara alipoingia milima yetu mwezi wa Aprili 1965, akakaa hadi Novemba, picha za kambi zile zilitunzwa, na baadhi ziko Cuba. Tunashukuru kwamba zilitunzwa. Lakini mjukuu wa aliyebeba mizigo milimani akitaka kuona sura ya babu yake aombe ruhusa bara jingine?

Sisi tunaopiga picha leo ndio tunaoandika ukoo wa watu hawa, arusi kwa arusi, msiba kwa msiba. Kwa hiyo, wenzangu wa kazi, mwenye kutaka kuona sanduku langu linavyofanya kazi aje studio Jumamosi mchana, aje na diski yake na picha hamsini za kujaribia. Nitamwekea programu, na sitamtoza.

Na ninyi akina mama na akina baba mnaojiandaa kuoza watoto mwaka huu, mkiwa mnapatana bei na mpiga picha, kabla hamjampa kishika uchumba cha kazi, mwulizeni maswali mawili: picha zetu zitakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Asipokuwa na jibu, nunueni diski yenu, mpeni, na siku ya nne baada ya arusi nendeni mkaichukue ikiwa imejaa.